Katekisimo Iliyohama Nyumbani

Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki kukagua sharika za Saksonia huko Ujerumani, na aliyoyakuta yalimkera. Watu walikuwa wamebatizwa na walikuja mezani pa Bwana, lakini wengi wao hawakujua hata Sala ya Bwana, na baadhi ya wachungaji hawakuwa na uwezo wa kuwafundisha. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo. Hapa kwetu Afrika Mashariki Walutheri wanaifahamu kama kitabu cha kipaimara: kijana anakaririshwa na mwinjilisti kwa muda mrefu, kisha anasimama mbele ya usharika kujibu maswali huku wazazi wakisubiri picha na pilau. Lakini Luther hakuwa ameliandikia darasa la kipaimara peke yake. Sehemu za kwanza zilichapwa kwenye karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, na juu ya kila sehemu kuu aliandika kwamba haya ndiyo mambo ambayo mkuu wa nyumba atawafundisha watu wa nyumbani kwake kwa njia nyepesi. Akaongeza sala ya kuamka, sala ya kulala, na sala za kabla na baada ya kula. Kitabu hicho kilikusudiwa kukaa karibu na sufuria na kitanda. Kimehama. Kimekwenda kwenye jengo la usharika, kikakabidhiwa kwa mtu anayelipwa posho, na kinamkuta mtoto akiwa ameshaota ndevu.

Nataka tuzungumze juu ya kuhama huko, maana si kwa Walutheri tu. Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani, ndugu zetu Wapentekoste, wote kwa namna zao wamejenga mazoea yale yale: imani ina mahali pake, na mahali penyewe ni kanisani, kwenye semina, kwenye mkutano wa injili, kwenye mkesha. Nyumba yenye watoto wadogo inaonekana kuwa kituo cha kusubiria. Mama aliyejifungua anaambiwa apumzike, atarudi kwenye maombi mtoto akikua. Baba mwenye watoto watatu chini ya miaka saba anajiona amepoa kiroho kwa sababu hana tena saa moja ya kusoma Neno kwa utulivu. Hoja yangu ni kwamba tumeugeuza mpangilio. Nyumba yenye watoto wadogo ni mojawapo ya mahali pa kwanza kabisa ambapo imani ya Kikristo ilikusudiwa iishi, na kazi ya kuwalea watoto hao, pamoja na kelele zake na usingizi wake uliokatika, ni sehemu ya imani yenyewe.

Tuanze na Maandiko. Kumbukumbu la Torati sura ya sita, baada ya kuwaamuru Israeli wampende Mungu kwa moyo wote, inataja saa za kuwafundisha watoto amri hiyo: ukiwa umekaa nyumbani, ukiwa njiani, unapolala na unapoamka. Saa hizo nne ni za siku yoyote ya juma, hekalu halikutajwa. Kutoka sura ya kumi na mbili inakwenda mbali zaidi, kwa sababu pale somo halianzi na mwalimu. Pasaka inaliwa nyumbani, na inatarajiwa kwamba watoto watauliza maana ya ibada hiyo, ndipo wazazi wajibu. Angalia utaratibu ulivyo: kwanza kitendo cha nyumbani kinachomshangaza mtoto, halafu swali la mtoto, halafu maelezo. Sisi tumeanza na maelezo, tukayapeleka Shule ya Jumapili, na nyumbani hatuna kitendo chochote cha kumfanya mtoto aulize. Kisha mtazame Bwana Yesu mwenyewe. Luka anasema alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza katika kaya ya Nazareti. Mifano yake inaonyesha alikuwa akitazama: chachu inayofichwa kwenye unga, mwanamke anayewasha taa na kufagia akitafuta shilingi, mtoto anayeomba samaki, watoto sokoni wanaogombana kwamba wenzao hawataki kucheza mchezo uliopangwa. Hata alipotaka kufundisha juu ya kuomba bila kukata tamaa, katika Luka 11, alisimulia habari ya mtu anayegongewa mlango usiku wa manane na kusita kuamka kwa sababu watoto wake wamelala pamoja naye. Aliyepanga chumba kimoja Manzese au Kibera haelezwi tatizo la mtu yule. Anajua ukiwasha taa tu, wa mwisho ataamka, na akiamka yeye wamekwisha wote.

Kanisa la mwanzo lilikuwa nyumbani kwa watu. Paulo anatuma salamu kwa kanisa lililomo nyumbani mwa Akila na Prisila. Lidia, huko Filipi, alibatizwa pamoja na watu wa nyumba yake. Mojawapo ya majengo ya kale kabisa ya kanisa yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia, lile la Dura-Europos huko Siria la karne ya tatu, ni nyumba ya kuishi iliyofanyiwa ukarabati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, katika hati yake juu ya Kanisa, uliirudia lugha ya kale na kuiita familia kanisa la nyumbani. Miaka michache baadaye, mnamo 1973 na tena 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki chini ya umoja wao, AMECEA, wakaamua kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao. Huo ulikuwa uamuzi wa maana sana. Hata hivyo, wapo wanaozijua jumuiya hizo ambao watakubali kwamba mara nyingi sala inapoanza, watoto wa nyumba ile ile huambiwa watoke wakacheze nje. Tumelirudisha kanisa nyumbani, tukawatoa watoto.

Hadi hapo nadhani wengi tuko pamoja. Hatua inayofuata ndiyo yenye ubishi. Mtu anaweza kukubali kwamba nyumbani ni mahali pa sala, lakini akasema: sala ni sala, na kubadilisha nepi ni kubadilisha nepi. Luther alilijibu jambo hili mwaka 1522 katika andiko lake juu ya maisha ya ndoa, na alilijibu akiwa bado hajaoa, jambo linalofurahisha kidogo. Alisema akili ya mwanadamu huitazama kazi ya kumbembeleza mtoto, kufua nguo zenye uchafu, kukesha na kuvumilia harufu, ikaona ni udhalili. Imani huitazama kazi ile ile na kuona kwamba Mungu ndiye aliyemkabidhi mzazi kiumbe huyu, na kwa hiyo kazi hiyo inampendeza. Akatoa mfano wa baba anayefua nepi huku watu wakimcheka kuwa mwanamume laini: Mungu na malaika wake, alisema, wanatabasamu, kwa sababu anafanya kwa imani. Miaka mitatu baadaye alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita na kuwazika wawili, Elisabeth akiwa bado mchanga na Magdalena akiwa na miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo aliishi ndani ya somo aliloanza kulifundisha kwa nadharia. Na hoja yake ina mizizi katika Mathayo 25, ambako Mfalme anawapima watu kwa habari ya chakula, maji, nguo na wagonjwa. Mzazi wa mtoto wa miaka miwili hutoa vyote hivyo kabla ya saa mbili asubuhi, tena kwa mtu asiyejua kusema asante.

Hapa mchungaji makini atanisimamisha. Atasema nimewapa watu kisingizio kizuri. Kesho muumini hatakuja ibadani, hatafungua Biblia, na akiulizwa atajibu kwamba kupika uji nako ni ibada. Pingamizi hili ni la haki, na halijibiwi kwa kucheka. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, ambao hakuna anayeweza kuwaita wavivu wa sala, walifundishwa katika kanuni yao ya karne ya sita kwamba mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vya altare. Lakini watu hao hao waliimba zaburi mara saba kwa siku na mara moja usiku. Waliweza kuuona utakatifu wa sufuria kwa sababu siku yao ilikuwa imeshonwa kwa sala fupi fupi. Kazi bila maneno huwa bubu: mtoto anaona mama ni mpole, hajui upole huo mama ameupata wapi. Maneno yanahitajika, ila yawe ya kimo cha nyumba. Sala ya sekunde ishirini kabla ya ugali, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuiongoza na kuiharibu, ina nafasi kubwa ya kudumu kuliko ibada ya familia ya dakika arobaini inayomalizika kwa mmoja kusinzia na mwingine kuchapwa. Wala sisemi watu wasiende kanisani. Nasema anayekwenda kanisani apeleke kitu kutoka nyumbani.

Je, kuna ushahidi wowote kwamba nyumbani ndiko mambo haya yanakoamuliwa? Upo, ingawa ule ninaoufahamu vizuri umetoka Marekani na tuupokee kwa tahadhari. Mwanasosholojia Vern Bengtson wa Chuo Kikuu cha Southern California alianza mwaka 1970 kufuatilia familia zaidi ya 350, vizazi kwa vizazi, na mwaka 2013 akachapisha matokeo yanayohusu dini. Alitaka kujua kwa nini watoto wengine hushika imani ya wazazi na wengine huiacha. Bidii ya mzazi katika dini ilikuwa na uzito, lakini haikutosha. Kilichopambanua ni ukaribu: watoto waliojiona wapendwa, na hasa waliokuwa karibu na baba, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuifuata imani hiyo kuliko wale ambao baba yao alikuwa mshika dini lakini mkali na wa mbali. Kwetu jamii ni tofauti, ukoo una nguvu zaidi na shinikizo la majirani ni kubwa. Lakini sioni sababu ya kudhani kwamba moyo wa mtoto wa Kisumu au Moshi unaumbwa kwa udongo mwingine. Na tukumbuke kwamba Waraka kwa Waefeso, sura ya sita, unapofika kwenye malezi unawageukia akina baba kwa jina, na agizo la kwanza ni la kuzuia: msiwachokoze watoto wenu. Tumezoea kunukuu Mithali juu ya fimbo, na tumeinukuu kwa moyo wote. Agizo hili la Paulo ni nadra kulisikia kwenye mahubiri.

Ukaribu huo una tendo moja ambalo Ukristo wa eneo letu ulilijua vizuri, nalo ni kuomba radhi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza kushika moto Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulitambulika kwa watu kuungama makosa yao waziwazi, kurudisha walivyoiba, na kupatana na waliowakosea, mume na mke wakiwemo. Walihesabu kuwa imani isiyofika kwenye midomo ya kusema nimekosa bado haijafika. Sijui kwa nini desturi hiyo ilisimama kwenye kimo cha mtu mzima. Mzazi aliyempigia mtoto kelele bure kwa sababu ya foleni ya daladala, kisha akachuchumaa na kumwambia samahani, amemfundisha toba kwa njia ambayo katekista hawezi. Wengine wataona hapo heshima ya mzazi inapotea. Inawezekana kiasi fulani cha woga kitapotea, na hiyo ni hasara ninayoweza kuivumilia.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko yote, na mara nyingi linatoka kwa akina mama. Wanasema: mnapoipamba kazi ya nyumbani kwa jina la utakatifu, mnatufunga. Mzigo tuliobeba sisi mnauita ibada ili tusiulize kwa nini tunaubeba peke yetu. Baba anabaki na neno la kuhubiri, mama anabaki na beseni. Ni kweli kabisa kwamba dini imetumika hivyo, tena si mara moja. Lakini hoja hii ikisomwa vizuri inafanya kinyume chake. Kama kazi ya kumlea mtoto mdogo ni utumishi mbele za Mungu, baba anayeikwepa kwa kisingizio cha kikao cha wazee wa kanisa ameikwepa ibada na kukimbilia ratiba. Waefeso waliagizwa kupitia baba. Katekisimo ya Luther ilimpa mkuu wa nyumba kazi ya kufundisha. Mfano wa nepi ulikuwa wa mwanamume, kwa makusudi. Mzigo ukiwa mtakatifu, huwezi kumwachia mtu mmoja utakatifu wote. Na palipo na unyanyasaji au kipigo, hakuna theolojia ya nyumbani inayomtaka mtu abaki aumie.

Lingine linahusu nyumba ambazo wazazi hawapo. Baba na mama wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi usafiri, wanarudi mtoto amelala. Wengine watoto wao wako kwa bibi kijijini, au bweni tangu darasa la kwanza. Imani ya kila siku itaishi kwa nani? Mara nyingi kwa bibi, na hilo si jambo la kuonea haya. Timotheo, kwa mujibu wa barua ya pili ya Paulo, aliipata imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Baba yake, Matendo ya Mitume yanasema, alikuwa Myunani. Mjini, mara nyingi itaishi kwa dada wa kazi, na hapa ndipo nyumba nyingi za Kikristo zinajifichua. Huyu ni binti, mara nyingine mdogo kwa umri, anayemwogesha mtoto, anayemlisha, anayemjibu maswali yake mengi kuliko mzazi. Mtoto anasikia sala ya chakula ikisemwa mezani, halafu anaona dada akila jikoni, mabaki, baada ya wote. Hilo nalo ni somo, na analielewa mara moja. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kosa la aina hiyo hiyo: walikusanyika kula chakula cha Bwana huku mmoja akiwa na njaa na mwingine ameshiba hadi kulewa. Kumketisha dada mezani, kumlipa mshahara wake kwa wakati, kumruhusu kwenda ibadani kwenye dhehebu lake, ni katekisimo ambayo haihitaji mwalimu wa kutoka nje.

Mwisho kabisa kuna wanaouliza faida ya imani hii ya nyumbani, maana wamewaona watoto waliolelewa kwa sala asubuhi na jioni ambao leo hawakanyagi kanisani. Hakuna anayeweza kutoa dhamana hapa, na mhubiri anayeitoa anadanganya. Ila zipo habari za Mwafrika mmoja zinazosaidia kufikiri. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi inayoitwa sasa Algeria, kwa mama Mkristo, Monika, na baba, Patrisio, ambaye aliukubali Ukristo karibu na mwisho wa maisha yake. Hakubatizwa utotoni; ubatizo uliahirishwa, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wakati ule. Ujanani alimwacha mama yake katika mambo hayo na kuwafuata Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, kwa karibu miaka tisa. Lakini katika Maungamo yake anaeleza kwamba alipokuwa katika mwaka wa kumi na tisa wa umri wake alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi Mroma, kilichomwasha moyo wa kutafuta hekima, na hata hivyo kitabu hicho hakikumteka kabisa, kwa sababu hakikuwa na jina la Kristo, jina ambalo alikuwa amelinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Hakuwa na cheti cha kipaimara wala ubatizo. Alichokuwa nacho ni kile kilichotoka nyumbani, na ndicho kilichomfanya asiridhike na kitabu kile. Alibatizwa Milano mwaka 387, akiwa na miaka thelathini na miwili.